Mihogo ya Usiku Mmoja

Mwaka wa hamsini na nne, Leta ilituambia kwamba chakula chetu kinanuka. Leta ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, na siku hiyo mdomo wa Leta ulikuwa wa mzungu mmoja mwembamba, mkaguzi wa usafi, aliyefika kijijini kwetu Kamilenge kila baada ya miezi miwili kuchungulia vyoo. Jina lake halisi sikulijua wala sikulitafuta. Sisi tulimwita Bwana Pua, kwa sababu alitembea na kitambaa cheupe puani tangu mwanzo wa kijiji hadi mwisho wake, hata akipita penye maua.

Mimi naitwa Apolline. Wakati huo nilikuwa nimeolewa Kamilenge miaka mitano, mke wa Antoine, na tulikuwa na binti mmoja wa miaka mitatu. Kijiji kilikaa kando ya barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare, si mbali na Lusangi. Wenyewe hawakuchagua kukaa hapo. Leta iliwatoa wazee wa mume wangu msituni, ikawapanga barabarani, nyumba kuelekea nyumba, ipate kuwahesabu bila kuchoka miguu. Jema lililopatikana katika kuhama huko lilikuwa moja tu. Nyuma ya nyumba, chini ya mteremko, kulikuwa na kijito cha Kamimbi, na maji yake hayakukauka hata wakati wa jua kali.

Huko ndiko tulikoloweka mihogo. Mihogo ya kwetu ni ile mikali, ukiila hivi hivi inakulewesha, inakutapisha, na ukizidisha inakuua. Lazima ikae majini siku nne, na siku za baridi tano, mpaka ilainike na ganda libanduke lenyewe. Hapo ndipo unaitoa, unaianika, unaitwanga, unapata unga wa ugali. Inapolainika inanuka, sikatai. Lakini kwetu ile ni harufu ya chakula. Mtu wa Kamilenge aliyetoka safari ya mbali, akiisikia tu, alijua leo atakula.

Kila mwanamke alikuwa na shimo lake ukingoni mwa kijito, la kumfika magotini, maji yakiingia upande huu na kutokea upande ule. Shimo ulipewa na mama mkwe wako. Mimi, juma la kwanza la kuolewa, Mama Régina alinishika mkono akaniteremsha hadi penye shimo lake, akapiga jembe mara tatu ardhini, pembeni, kisha akaniachia mpini. "Chimba," akaniambia. "Hapa njo utalishia mutoto wangu," yaani hapa ndipo. Mwanamke akifukiwa shimo lake, maana yake ilikuwa moja: hatakiwi tena, afunge mzigo arudi kwao.

Na wanaume hawakufika kule. Ulikuwa mwiko. Mwanamume akikanyaga penye mashimo, nyavu zake za kuwindia hazitakamata kitu tena, ndivyo walivyoamini, na sisi hatukuwakosoa, maana ndipo tulipoogea na ndipo tulipowasengenya. Kwa hiyo hakukuwa na mwanamume hata mmoja Kamilenge aliyejua mihogo inakaa majini siku ngapi. Walichojua ni kunawa mikono na kuketi.

Balaa lilianza Leta ilipojenga nyumba ya kulala wageni wake juu ya mteremko, na madirisha yakaelekea kijitoni. Palikuwa na nafasi mia nyingine za kuijenga. Bwana Pua akalala humo usiku mmoja, na asubuhi akaita baraza. Aliwaita wanaume peke yao. Sisi tulikuwa mashambani.

Kapita wa kijiji, yaani mtu wa Leta pale kwetu, alikuwa Placide, mdogo wake marehemu baba mkwe wangu. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kucheka na watoto, mtu wa kugawa nyama. Lakini akimwona mzungu alisema ndiyo kabla ya kuulizwa. Bwana Pua akamwambia kwamba mashimo yale yanaleta magonjwa, yafukiwe yote, na wanawake waloweke mihogo nyumbani ndani ya mapipa. Kisha akafungua daftari lake akauliza, "Muhogo nakaa ndani ya mayi siku ngapi?"

Ingekuwa rahisi kujibu, "Sijui, Bwana, niwaulize wanawake." Lakini Placide alikuwa na medali ya ukapita kifuani na wanaume arobaini nyuma yake, akaona aibu kusema kwamba hajui ugali wake unatoka wapi. Akajibu, "Usiku moja, Bwana."

Usiku mmoja! Na wale arobaini wakaitikia.

Habari hii niliipata kwa Antoine, jioni ile ile, akiwa anajisifu kwamba baraza lilikwisha bila mtu kufungwa.

"Nani alisema usiku moja?" nikamuuliza.

"Baba mudogo."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi? Niliitika. Wote waliitika."

Nilimwangalia mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu. Nilimwekea sahani yake nikamwambia, "Kula vizuri. Ile ni ya siku ine. Ya kesho utajua mwenyewe." Kisha nikaenda kwa mama mkwe.

Mama Régina alikuwa ameshasikia. Hakuwa mwanamke wa kelele. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na akikasirika alizungumza taratibu, ukajua hapo ndipo pa kuogopa. Alijifunga kitenge akaniambia nimfuate kwa kapita.

"Shemeki," akamwambia Placide mlangoni, bila kuketi, "wewe ulishalowekaka muhogo siku gani?"

Placide akacheka kidogo. "Mama Régina, ile ni mambo ya wanamuke."

"Ndiyo. Basi mbona uliisemea?"

"Nifanye nini sasa? Imeshaandikwa."

"Wende kwake asubui, umwambie aandike ingine."

"Nimwambie mzungu kama nilimudanganya? Unataka wanifunge?" Akashika medali yake bila kujua kwamba anaishika. "Mujaribu tu, shemeki. Labda mu pipa inaiva mbio."

Mama Régina aligeuka akamtazama binti yake Louise, aliyekuwa amekuja nyuma yetu polepole na fimbo zake mbili, na akamwacha Placide naye amtazame.

Louise alikuwa na miaka ishirini. Alitembea kwa vidole vya miguu, magoti yamepinda yakigusana, kila hatua akiivuta. Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wa vita ya wazungu, Leta ilitaka mpira wa msituni, ikawapeleka wanawake kuugema pamoja na waume zao, na nyumbani hakukubaki mtu wa kungojea mihogo siku nne. Walikuwa wakiitoa siku ya pili, wakala hivyo hivyo miezi mitatu. Asubuhi moja Louise, akiwa na miaka tisa, alimwita mama yake akamwambia kwamba magoti hayamsikii. Hayajamsikia mpaka leo. Watoto wanne wa Kamilenge walipatwa hivyo mwaka ule, na Placide aliwajua wote kwa majina.

Alitazama chini. Lakini asubuhi hakwenda kwa mzungu.

Siku ya tatu Bwana Pua aliteremka kijitoni yeye mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakioga walikimbilia majanini wakijifunika, na yeye akasimama pale pale katikati ya mashimo, viatu vyake juu ya majani yetu ya kufunikia, kitambaa puani, akituamuru tufukie. Polisi wake wawili walibaki juu kabisa ya njia, wamegeuza migongo. Mmoja wao alikuwa Asani, Mwislamu wa Kabambare, na baadaye nilijua kwamba huko kwao pia mwanamume hafiki penye mihogo. Bwana Pua hakuona aibu yoyote. Kwake sisi tulikuwa kama kuku uani.

Tuliyafukia wenyewe, kwa majembe yetu. Mihogo iliyokuwa ya siku ya pili na ya tatu tuliifukia ndani yake. Nilipofika kwenye shimo langu nililia, sioni haya kulisema, na nililia kwa uchungu wa kufukuzwa nyumbani kwangu na mtu ambaye hata jina langu hakulijua. Mama Régina alifukia lake baada ya wote. Alisimama juu ya udongo, akasema neno moja la Kizimba, lugha ya kijiji, ambalo sitalifasiri hapa, na Bwana Pua akaitikia kwa kichwa, akidhani ameshukuriwa.

Kijiji kizima kilikuwa na mapipa matatu. Matatu, kwa nyumba arobaini! Na lile la kwanza lililokutwa na mihogo ya siku ya pili, polisi walilimwaga barabarani, maana sheria sasa ilikuwa usiku mmoja, na mwenyewe akaambiwa kwamba akirudia atalala gerezani Kasongo. Tukaanza kula ndizi. Ndizi zikaisha. Wengine wetu tulitembea hadi vijito vya mbali upande wa Lusangi, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, tukificha mihogo kwenye maji ya watu, na mara mbili tulikuta wenyewe wameitoa. Siwalaumu, maji yalikuwa yao.

Kisha mimi nikafanya kosa langu. Binti yangu alilia njaa siku mbili, na nilikuwa na mihogo ya usiku mmoja. Niliimenya kwa kisu, maana ganda lilikataa kubanduka, nikaikata vipande vyembamba, nikaianika juani, nikatwanga, nikampa ugali kidogo. Nilijidanganya kwamba kidogo hakidhuru. Mchana alianza kuyumba, akatapika, akaanguka kifudifudi mlangoni, macho wazi. Mama Régina alimbeba mpaka jua likazama, akimnywesha maji ya moto kidogo kidogo, na kila mara akimkunja goti na kulikunjua, akimkunja na kulikunjua, kuona kama linasikia. Lilisikia. Mtoto alipolala, mama mkwe aliniangalia, nami nikangoja anitukane. Hakunitukana.

"Bwana Administrateur anakuja Jumatatu," akaniambia. "Placide amesema tupike. Basi tutapika."

Bwana Administrateur alikuwa mkubwa wa teritware, yaani wilaya, yote ya Kasongo. Alipita vijijini mara moja kwa mwaka kusikiliza mashauri, na siku hiyo wanawake walilazimika kuwapikia polisi, wabeba mizigo, na wazee wa baraza. Mama Régina alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliongea taratibu, na hakuna mwanamke aliyemkatalia.

Jumatatu Bwana Administrateur alikaa kwenye baraza ya nyumba ya Leta, mezani, mtu mnene mwenye jasho na sauti ya kuchoka. Bwana Pua alikaa kando yake. Wanaume waliketi chini uwanjani, Placide mbele, medali imeng'arishwa. Yalikwisha mashauri ya mbuzi, ya mpaka wa shamba la pamba, ya daraja lililooza. Kisha tukapanda sisi, wanawake thelathini na sita katika mstari, kila mmoja na sahani yake ya ugali na bakuli la sombe, yaani kisamvu, tukaziweka mbele ya kila mtu. Mbele ya Placide aliweka Mama Régina mwenyewe. Sahani moja ndogo, safi, iliyofunikwa vizuri, aliipandisha barazani akaiweka mezani mbele ya Bwana Pua.

"Karibuni," akasema. "Ni mihogo ya usiku moja. Ndivyo muliandika."

Ugali ukafunuliwa. Mtu aliyekula ugali wa mihogo maisha yake yote hahitaji kuambiwa kitu. Hesabu ya siku wanaume wetu hawakuijua, lakini pua zao zilijua. Ule haukuwa na ule uchachu wake, ulikuwa na harufu ya mizizi mibichi. Walinawa mikono, kisha mikono ikabaki magotini. Asani alimega tonge, akalinusa, akalirudisha sahanini. Mume wangu Antoine alikuwa anatazama juu ya paa.

Bwana Administrateur akauliza, "Kwa nini watu hapana kula?"

Wazee wa mbele wakafunika tena sahani zao.

"Asani! Wewe hapana njaa?"

"Niko na njaa, Bwana," Asani akajibu, amesimama wima. "Lakini hii haikuiva mu mayi. Kwetu hata mbwa hatuipe."

Bwana Pua akawa mwekundu. Alianza kusema Kifaransa haraka haraka, akionyesha kijitoni, akionyesha daftari lake. Mama Régina hakumngoja amalize. Alimgeukia kapita.

"Shemeki. Wewe njo ulisema usiku moja. Kula."

Placide aliitazama sahani. Jasho lilimtoka puani likadondoka kwenye medali. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo sana. Kisha akainuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alimtazama mzungu usoni.

"Bwana, mimi sikujua," akasema. "Mimi ni mwanaume, sijafikaka kule. Bwana aliniuliza mbele ya watu, nikasikia haya, nikasema usiku moja. Ni siku ine. Nilikosa. Hii tukiikula, itatuvunja magoti, itatuua watoto."

"Iko wongo!" Bwana Pua akapiga meza. "Iko wanamuke wavivu tu! Muhogo ni muhogo. Tazama!" Akafunua sahani yake, akamega tonge kubwa kwa vidole vitatu, vibaya, kama mtu anayeokota kitu njiani, akalipeleka mdomoni.

Nitasema kweli, maana sina sababu ya kudanganya. Niliomba ale. Nilimwona binti yangu mlangoni kifudifudi, nikasema moyoni, kula, Bwana, maliza sahani yote, na kesho ukitaka kusimama tukuone. Niliona kwenye nyuso za wenzangu kwamba sikuwa peke yangu.

Lakini Mama Régina alikuwa karibu naye kuliko sisi wote. Mkono wake mkubwa ukaruka, ukampiga Bwana Pua kwenye kiganja, pa! Tonge likaruka likagonga ukuta mweupe wa Leta, sahani ikaanguka ikavunjika.

Mwanamke mweusi amempiga mzungu. Asani alipanda barazani akamshika mkono, si kwa nguvu, ila ilimbidi amshike. Bwana Pua alikuwa anajishika kiganja kana kwamba kimeungua, anapiga kelele anataka kamba, anataka fimbo, anataka gereza.

"Mama," Bwana Administrateur akamuuliza, na sasa sauti yake haikuwa ya kuchoka, "kwa nini unapiga mzungu?"

"Sikupiga mzungu," akajibu. "Nilipiga sumu. Ule pale ni mutoto wangu." Akamwonyesha Louise, aliyesimama kati ya fimbo zake pembeni mwa uwanja. "Nimeshaona mutu anakula hii. Sitaki kuona tena, hata yeye."

Bwana Administrateur alimtazama Louise kwa muda mrefu, miguu yake, magoti yake. Aliitazama sahani iliyovunjika. Nilidhani amekwisha elewa, na nadhani kweli alielewa. Lakini Leta haikuwahi kukubali kosa mbele ya watu waliokaa chini. Alikuna kichwa, akaandika, kisha akatoa hukumu yake. Neno la mihogo atampelekea daktari mkubwa, na daktari atajibu kwa barua. Barua inaweza kuchukua mwezi, pengine miwili. Mpaka hapo mashimo yabaki yamefukiwa. Na mwanamke huyu amwombe mzungu msamaha mbele ya wote, yaishe. Akikataa, siku saba gerezani Kasongo.

"Omba tu, shemeki," Placide akanong'ona. "Ni neno moja."

Antoine naye akasogea. "Mama, tafazali."

Mama Régina alimtazama Bwana Pua kuanzia viatu hadi nywele. "Nimuombe musamaha juu ya nini?" akauliza, taratibu kabisa. "Juu bado anaweza kusimama?"

Mimi nilitaka kupiga vigelegele.

"Siku saba," akasema Bwana Administrateur.

"Siku saba ni sawa. Lakini mihogo haikai siku saba, itaoza." Akanigeukia. "Apolline, siku ya ine utaitoa. Utasikia?"

"Nitaitoa, Mama."

Wazungu hawakuelewa. Mimi nilielewa kabla hajajitoa mkononi mwa Asani, na nilikuwa nimeshaanza kukimbia nyumbani kutafuta jembe. Tulikuwa na mihogo mibichi ya jana, tuliyoivuna kwa ajili ya safari ya Lusangi, imejaa vikapuni. Nilipotokea na kikapu chetu kichwani, wanawake wengine walikuwa wanatoka milangoni mwao, huyu na kikapu, huyu na jembe, huyu na mtoto mgongoni na vyote viwili. Mama Régina alichukua jembe mkononi mwangu akashika njia ya kijitoni. Hakugeuka nyuma.

"Polisi!" Bwana Pua akapiga kelele. "Kamata yeye!"

Asani alimfuata na kamba yake hadi mwanzo wa mteremko, penye mchikichi wa mwisho. Hapo akasimama. "Bwana, kule ni kwa wanamuke," akasema kwa sauti ya kusikika barazani. "Mimi siwezi." Mwenzake akaja akasimama kando yake. Nyuma yao wanaume wa Kamilenge walifika mpaka pale pale, Placide na Antoine wakiwa mbele, wakasimama bega kwa bega wakaziba njia, migongo yao kwetu, nyuso zao kwa nyumba ya Leta. Sijui nani aliwaambia. Pengine hakuna aliyewaambia.

"Basi nenda wewe mwenyewe," nilisikia Bwana Administrateur akimwambia Bwana Pua. Bwana Pua akatazama njia, akatuona wanawake thelathini na sita na majembe yetu, akabaki alipo. Yule mkubwa akainamia karatasi zake, akazisoma kana kwamba zimeandikwa jambo jipya.

Chini kule tulichimba. Udongo ulikuwa bado laini. Mihogo ya mwanzo tuliyoifukia ilitoka imeoza kabisa, nyeusi, na harufu yake ilipanda mteremko moja kwa moja mpaka madirishani, nami nikaifurahia. Mama Régina alipiga jembe bila kupumzika mpaka maji yakaingia shimoni mwake, yakawa ya matope, kisha yakaanza kusafika. Alipanga mihogo yake mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Louise, aliyeteremka kwa makalio hatua kwa hatua, alimpa majani ya kufunikia, na mawe ya kuyakandamizia. Kando yao mimi nilijaza shimo langu, lile lililopigwa jembe mara tatu, na sikungoja barua ya mtu yeyote.

Alipomaliza, Mama Régina alinawa miguu, akanawa mikono hadi viwikoni, akaifuta kwenye kitenge. Njia ya kwenda msituni ilikuwa wazi upande wa pili wa kijito, na hakuna polisi ambaye angemwona. Hakuiangalia. Alipanda mteremko polepole, wanaume wakampisha, akaenda mpaka penye mchikichi, akamnyooshea Asani mikono yake yote miwili.

"Sasa funga," akamwambia.